Kufuata nyayo Kisarawe na Kibaha: Mchanga husema nani amepita

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Pugu huuona mji ukipungua polepole. Maduka hugeuka vibanda, vibanda hugeuka mikorosho, kisha ardhi huinuka na hewa ya bahari huachwa nyuma. Hapo ndipo Kisarawe inapoanza, nchi ya Wazaramo, ya mihogo na minazi. Atokaye kwa Barabara ya Morogoro hufika Kibaha baada ya kilometa zipatazo 40, na akiendelea hukutana na bonde la mto Ruvu. Kati ya njia hizi mbili kuna ukanda wa misitu ambao wengi wetu huupita tu dirishani mwa basi au treni: Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, na Ruvu Kusini unaozigusa wilaya zote mbili.

Katika ukanda huo tulitembea siku mbili mwishoni mwa masika, watu wazima watatu na watoto wawili. Tulitaka watoto wajionee elimu ambayo imo mbioni kuzikwa pamoja na wazee wetu, elimu ya kumfuata chui kwa miguu. Tunasema kumfuata, si kumwinda. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tuliyorudi nayo nyumbani.

Huko Marekani ya Kaskazini yuko paka mkubwa wa milimani aitwaye puma. Wanaomwinda husubiri theluji mpya ianguke usiku, kwa sababu theluji huyafuta yaliyopita na kuacha ukurasa mweupe. Mnyama akipita alfajiri, kila hatua yake husomeka, nao humfuata pamoja na mbwa hadi apande mtini. Sisi watu wa Pwani hatuna theluji, lakini Mwenyezi Mungu ametupa mchanga na matope. Baada ya mvua, njia ya mchanga ya Kisarawe huwa laini kama unga uliochekechwa. Kilichopita usiku, awe mjusi, kanga, mbwa au binadamu, huacha khabari zake hapo.

Siku ya kwanza tuliingia Pugu-Kazimzumbwi, ambayo leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Tulilipa kiingilio, tukapewa mhifadhi wa kutuongoza. Msitu huu ni mabaki ya misitu mikongwe ya pwani ya Afrika Mashariki, na wataalamu wa mimea wameipa baadhi ya miti yake jina la Pugu. Humo yamo pia mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa udongo mweupe, ambamo popo wamefanya makazi. Jioni hutoka kwa maelfu, anga likawa kama limemwagiwa masizi. Mhifadhi hakutuahidi chui. Alisema wanyama wakubwa waliojulikana hapa zamani wamepungua mno, na kwamba atakayekuja kwa subira ataona alama kabla ya kuona mnyama.

Pamoja nasi alikuwapo mzee wa kijiji cha jirani, aliyekuwa mwindaji enzi za ujana wake. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, kisha akawageukia watoto na kuwapa sharti la kwanza: "Wajukuu zangu, msikanyage maandishi." Alikuwa na maana kwamba anayefuata nyayo hutembea kando yake, wala hatembei juu yake. Akipotea mbele, atarudi nyuma na kuikuta njia ikiwa salama. Ukiivuruga kwa miguu yako mwenyewe, umeichana barua kabla ya kuimaliza.

Sharti la pili lilihusu jua. Unyayo husomwa vyema asubuhi au alasiri, jua likiwa chini, na msomaji akiwa ameelekea upande wa jua ili kivuli kijaze shimo la kila kidole. Saa sita mchana hata unyayo wa tembo huonekana hafifu.

Sharti la tatu ni kuuliza umri wa alama. Kama matone ya mvua yametoboa ndani ya unyayo, mnyama alipita kabla ya mvua. Kama kingo zake ni kali na punje za mchanga bado zinaporomoka, yuko karibu. Buibui akishatanda utando juu yake, mwenye unyayo yu mbali.

Kisha akachora mchangani unyayo wa chui kwa kidole. Vidole vinne, kisigino kipana chenye mawimbi matatu upande wa nyuma, na hakuna alama ya kucha, kwa kuwa chui huzirudisha kucha ndani ya ala zake anapotembea, kama mtu anayechomeka kisu kiunoni. Mbwa na fisi huacha alama za kucha. Duma naye, ingawa ni wa jamii ya paka, huziacha. Unyayo wa mbele wa chui mkubwa hukaribia upana wa kiganja cha mtu. Mguu wa nyuma mara nyingi hukanyaga palepale ulipotoka mguu wa mbele, ndiyo maana hatua yake haina kelele. Sauti yake, akiamua kuitoa, haifanani na ngurumo ya simba. Ni mkwaruzo unaokwenda na kurudi, kama msumeno wa wapasua mbao.

Watoto walimtaka awasimulie kama aliwahi kumfuata kweli. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasimulia. Chui alikuwa amezoea mabanda ya mbuzi kijijini kwao. Usiku mmoja mvua ilinyesha, na chui akachukua mbuzi mwingine. Baada ya Swala ya Alfajiri wanaume wakatoka na mikuki. Matope yalionyesha kila kitu: mahali alipolala akisubiri, mahali aliporukia, na mburuzo wa mbuzi ukielekea kwenye miti. Mzoga waliukuta juu ya tawi, kwa maana chui hupandisha mawindo yake mtini ili fisi wasimdhulumu. Walimzunguka, mkuki mmoja ukampata begani, naye akaingia kichakani akiwa hai.

"Hapo ndipo tulipotakiwa kusimama," alisema mzee. "Chui mzima hukukimbia. Chui aliyejeruhiwa hukusubiri." Hawakusimama. Aliyetangulia alirarurwa mkono, na mkono huo haukunyooka tena hadi alipofariki miaka mingi baadaye. Chui naye alipatikana siku ya tatu kwa kuangalia ndege walao mizoga.

Tulimuuliza nyama yake walifanya nini. Alitutazama kwa mshangao. "Nyama ya chui nani ale?"

Jibu lake linatukumbusha tunalolijua wote. Mtume (s.a.w.) amekataza kula kila mnyama mkali mwenye machonge, na imepokewa pia kutoka kwake, katika mkusanyiko wa Abu Daud, katazo la kutandika ngozi ya chui na kuipanda. Kwa hiyo mwindaji wa chui hana nyama ya kupeleka jikoni, wala ngozi ya kutandika barazani. Kinachobaki ni sababu moja tu, nayo ni kuzuia madhara. Wanazuoni wameruhusu kuuawa mnyama anayeshambulia watu na mali zao, lakini kuua kwa fahari au mchezo hakumo katika ruhusa hiyo. Sheria ya nchi nayo, yaani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, inatambua kujilinda na kulinda mali, lakini inataka tukio litolewe taarifa, na ngozi ya mnyama ni nyara ya Serikali.

Asiseme mtu kwamba hatari ni hadithi za kale. Katika mkoa wetu huuhuu wa Pwani, wilayani Rufiji, simba waliua watu zaidi ya 30 kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004. Simba aliyeogopwa kuliko wote alipouawa alikutwa na jipu kubwa kwenye jino. Watafiti walioandika mwaka 2005 katika jarida la Nature walihesabu Watanzania wasiopungua 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990. Waligundua pia kwamba mashambulizi huzidi wakati wa mavuno, na kwamba nguruwe pori wana sehemu kubwa katika jambo hilo. Nguruwe huja kula mahindi, mkulima hulala dunguni kulinda shamba, na simba anayemfuata nguruwe humkuta binadamu. Waliokufa namna hiyo walikuwa baba na mama waliokuwa wakilinda chakula cha watoto wao.

Lakini upo pia mfano wa upande wa pili. Chui wa Unguja alikuwa wa namna yake, mdogo kuliko wa bara. Watu walimhofu, na wengi waliamini kwamba wachawi humfuga na kumtuma. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilianzishwa kampeni ya kumsaka kisiwa kizima. Leo anayetaka kuonyesha watoto chui wa Unguja hana budi kuwatajia ngozi na mifupa iliyohifadhiwa makumbusho. Dhana ilipochanganyika na hofu, hakuna aliyeuliza ni chui yupi hasa aliyemla mbuzi.

Swali hilo, ni yupi hasa, tulikutana nalo siku ya pili upande wa Kibaha. Tulishuka katika kijiji kimoja kusini ya reli, karibu na msitu wa Ruvu Kusini, ambako familia hufuga mbuzi na kulima mahindi na ufuta. Wenyeji walituambia kuwa "mtoto wa chui" ameonekana karibu na mashamba, na vijana walikuwa wameanza kuzungumzia mitego na sumu. Mama mmoja alikuwa na hofu zaidi ya wote, kwa sababu mwanawe hupita njia hiyo asubuhi kwenda shule. Mzee wetu aliomba aonyeshwe mahali penyewe kabla ya mtu yeyote kutega.

Tulizipata nyayo kwenye matope kando ya kijito. Mtoto wetu mkubwa aliinama, akahesabu vidole vinne, akatafuta kucha, hakuziona. Akasema, "Babu, ni chui!" Mzee akamwambia aweke vidole vyake vitatu juu ya unyayo. Vilifunika karibu unyayo wote. Tulizifuata kando kwa kando, tukizipoteza kwenye nyasi na kuziokota tena mchangani, hadi ukingoni mwa shamba la mahindi. Hapo palikuwa na shimo la panya lililofukuliwa, manyoya machache na tone la damu lililokauka. Hakukuwa na mburuzo wa mbuzi wala njia ya kuelekea mabandani.

Alikuwa mondo, paka mwenye miguu mirefu na madoa, ambaye riziki yake kubwa ni panya. Mkulima anapomuua mondo kwa kumdhania chui, amemuua mlinzi wa ghala lake mwenyewe. Na sumu iliyowekwa kwenye mzoga haimchagui mwenye kosa. Huua mbwa wa nyumbani, huua tai, na inaweza kumfikia mtoto. Vijana walisikiliza, wakakubaliana kumwita Afisa Wanyamapori wa wilaya kwanza. Mama yule alicheka kwa mara ya kwanza, ingawa alisema ataendelea kumsindikiza mwanawe, nasi tuliona ana haki.

Ziko alama nyingine ambazo mzee alituonyesha njiani bila kuulizwa. Zilikuwa nyingi kuliko za mnyama yeyote: mistari ya matairi ya baiskeli na pikipiki, iliyozama sana kwa uzito wa mizigo, ikitoka msituni na kuelekea barabarani. Kando yake palikuwa na duara jeusi la tanuri la mkaa na visiki vibichi. Ruvu Kusini umekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa, na wateja wake wakubwa wako Dar es Salaam. Ukizifuata nyayo hizo kwa utaratibu uleule, kando kwa kando bila kuzikanyaga, zinaishia kwenye majiko ya mjini, pale chai ya asubuhi inapochemka. Chui na mondo hukaribia mabanda yetu pale swala na digidigi wanapoondoka, na hao huondoka pale miti inapogeuka magunia.

Hatusemi haya kumlaumu mchoma mkaa, ambaye mara nyingi ni baba anayetafuta ada ya shule. Tunasema familia inayoweza kupika kwa gesi au kwa mkaa mbadala, walau kwa baadhi ya siku za juma, inalisaidia banda la mbuzi la Kibaha bila kulijua.

Kwa familia zitakazopenda kufuata njia yetu, wakati mzuri ni wiki za mwisho za masika au baada ya vuli, ardhi ikiwa na unyevu. Ingieni hifadhini kupitia lango rasmi na pamoja na mwongozaji. Vaeni viatu vya kufunika mguu. Watoto wakae katikati ya msafara, na pasiwepo anayebaki nyuma peke yake, hasa baada ya Alasiri. Mkikutana na mnyama mkali msikimbie wala kuchuchumaa. Simameni pamoja, mbebeni mtoto mdogo, mrudi nyuma polepole mkimtazama. Wafugaji wanashauriwa banda liwe na paa na kuta imara, kwa kuwa chui hushindwa na mlango mzuri kuliko mkuki. Madhara yakitokea, toeni taarifa kwa Serikali ya kijiji mapema, kwani zipo taratibu za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioathirika, na taarifa iliyochelewa huzifanya kuwa ngumu.

Nendeni pia na mzee, kama bado mnaye. Kijana wetu sasa anaweza kutofautisha mbwa, mondo na chui kwa kutazama ardhi, na elimu hiyo ameipata kwa asubuhi mbili tu. Wazee waliobaki wanaoijua ni wachache, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.