Paka Achafuaye Nyumba

Labda baadhi yenu mtacheka mkiona karani wa parokia ameweka kando vitabu vya ubatizo na kuandika habari za uchafu wa paka. Chekeni, lakini someni hadi mwisho. Jambo hili dogo lilikaribia kuharibu amani ya nyumba moja niijuayo, na mtoto wa miaka saba ndiye aliyebeba mzigo wake.

Nyumba yenyewe ni ya dada yangu, upande wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Kama nyumba nyingi za kwetu Karagwe na Kyerwa, ina chumba cha magunia ya maharage na kahawa, na panya hawakosi. Basi dada akajipatia paka dume. Kwa kuwa jirani mmoja huua panya kwa sumu, na paka alaye panya mwenye sumu aweza kufa naye, dada alimfungia paka wake ndani usiku na mchana. Panya walipungua kweli. Lakini baada ya miezi kadhaa nyumba ilianza kunuka: mkojo mkali katika chumba walalacho watoto, na kinyesi chepesi nyuma ya magunia.

Shemeji alisema kuwa mtoto amerudia kukojoa kitandani. Akamchapa mara ya kwanza, akamchapa mara ya pili. Ndugu zake wakampa jina la kumcheka. Bibi naye alishauri paka atiwe guniani akatupwe mbali. Nilipofika kuwasaidia kuanika kahawa, mtoto aliniambia neno moja tu: “Mjomba, si mimi.”

Chuoni kwetu cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto akishindwa hesabu, mwalimu asikimbilie fimbo, bali atazame kwanza ni hatua gani iliyompoteza. Niliona kanuni hiyo yafaa hapa pia. Nikachukua daftari, nikaandika kila siku: uchafu umeonekana wapi, saa ngapi, ni mkojo au kinyesi, na paka amekula nini. Kisha tukabadili jambo moja moja, maana ukibadili mambo matatu kwa pamoja hutajua ni lipi lililoponya.

Kwanza, mtoto akalale kwa bibi usiku nne. Godoro lake chumbani likabaki kavu, lakini harufu ikaendelea vilevile. Nikapiga magoti na taa kuutazama ukuta. Madoa yalikuwa chini ya dirisha, karibu na kichwa cha kitanda, yapata shibiri moja juu ya sakafu. Mtoto aliyelala hawezi kukojoa hapo. Usiku wa tano tulisikia paka wa nje wakililiana migombani, mbele ya dirisha lilelile, na asubuhi alama mpya ilikuwapo ukutani.

Hapo yafaa tueleze tabia ya paka. Paka ana namna mbili za kutoa mkojo. Akitaka kujisaidia tu, huchuchumaa na kuacha dimbwi mahali palipo tambarare. Akitaka kutia alama ya mipaka yake, husimama, huinua mkia ukitetemeka, na kurusha mkojo kidogo nyuma yake, ukutani au kwenye mguu wa kiti. Madume wasiohasiwa ndio hasa wafanyao hivyo, ingawa majike pia huweza. Tena mkojo wa dume hunuka kuliko wote. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walieleza kwamba katika mkojo wa paka mna protini isaidiayo kutengeneza kitu kiitwacho felinini, nacho kikivunjika hutoa harufu ile kali. Madume wasiohasiwa wanacho kwa wingi zaidi. Basi yule dume wetu hakuwa mkorofi. Aliwasikia wenziwe nje, naye amefungiwa ndani, akawapa taarifa kwa njia aijuayo.

Neno la pili lilikuwa kinyesi. Daftari lilionyesha kwamba kilikuwa chepesi siku zile paka aliponyweshwa maziwa, yaani karibu kila siku, kwa kuwa watoto walimpenda. Sisi watu wa ng'ombe twadhani kwamba maziwa ni chakula cha paka tangu asili. Sivyo. Paka akiisha kukua, wengi hawawezi tena kusaga sukari iliyomo katika maziwa, na tumbo huharibika. Tulimkatia maziwa juma moja, tukampa maji safi na dagaa waliochemshwa bila chumvi. Siku ya nne kinyesi kilikuwa kigumu.

Hata hivyo kiliendelea kuonekana nyuma ya magunia, ila si katika karai la mchanga alilowekewa. Karai lenyewe lilikuwa mlangoni mwa jiko, wapitapo watu na kuku mchana kutwa, na lilisafishwa mara moja kwa juma. Wahenga wa paka zetu ni paka mwitu wa nchi kavu za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mpaka leo paka hupenda kuchimba mahali pakavu, palaini na pa faragha, afukie uchafu wake. Karai likinuka, hulikimbia. Ndiyo maana pia, nyumba zile ambazo bado hutandazwa nyasi sakafuni, paka huziona nyasi kuwa choo kizuri. Tulilihamisha karai kwenye pembe tulivu, mbali na chakula chake, tukatia mchanga mkavu, na kazi ya kutoa uchafu kila siku akapewa kijana mkubwa. Nyuma ya magunia pakabaki safi.

Mwisho tulimtafuta daktari wa mifugo akamhasi paka. Msikubali mtu amkate kwa wembe bila ganzi. Huo ni ukatili, na tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Madume waliohasiwa, karibu tisa katika kumi huacha au hupunguza kutia alama, ila wengine huchukua majuma kadhaa. Wetu alichukua kama majuma matano.

Kusafisha nako kuna akili yake. Paka hurudi pale anaposikia harufu yake ya zamani. Osha kwa sabuni na maji, kisha pangusa kwa siki. Usitumie dawa za klorini juu ya mkojo, kwa kuwa vikichanganyika hutoa hewa idhuruyo kifua. Usitumie pia dawa zenye amonia, kwani paka huidhani ni mkojo. Sakafu ikiwa ya udongo, kwangua tabaka la juu ulitupe, utie udongo mpya na kuushindilia. Magodoro na mablanketi yaanikwe juani.

Lakini si kila uchafu ni tabia. Mara nyingine paka ni mgonjwa, na kumpiga ni kumwongezea maumivu. Ukiona chembe kama za mchele kwenye mkia au kinyesi chake, ana tegu, ambao mara nyingi huwapata kwa kumeza viroboto. Hivyo tibu minyoo na viroboto pamoja. Ukimwona mzee anakunywa maji mno na kukojoa mno, huenda figo zimechoka au ana kisukari. Dume akichuchumaa mara kwa mara, akilia na asitoe hata tone, njia ya mkojo imeziba. Huyo asipotibiwa aweza kufa katika siku moja au mbili. Msimpe dawa za watu: hata kipande cha kidonge cha parasetamo chaweza kumuua. Wala msimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwani nyingi zina sumu ambayo mwili wa paka hauwezi kuishinda.

Akina mama wajawazito nawaomba wasiguse uchafu wa paka. Katika kinyesi cha paka aliyeambukizwa kwaweza kuwamo kijidudu cha ugonjwa uitwao toksoplazimosisi, ambacho humdhuru mtoto tumboni. Kijidudu hicho huhitaji siku moja hadi tano ndipo kiweze kuambukiza, na kwa hiyo kutoa uchafu kila siku ni kinga kubwa. Atoaye anawe mikono kwa sabuni, na uchafu ufukiwe mbali na kisima na bustani ya mboga.

Mtauliza, na yule mtoto je? Nilipomwonyesha shemeji madoa ya ukutani na daftari langu, alisoma kurasa zote kimya. Jioni, watoto wote wakiwa wamekaa kula, alimwita akamwambia mbele yao, “Mwanangu, nilikuonea.” Kisha akawakataza wengine kulitaja tena lile jina. Mtoto hakujibu kitu, ila aliendelea kula. Mara ya mwisho nilipowatembelea, alikuwa amerudi kulala chumbani mwake, na paka alilala miguuni pake.

Basi, wazazi wenzangu, nyumba ikinuka, chukueni taa mtazame ukutani kabla ya kuchukua fimbo. Paka hawezi kujitetea, na mtoto mdogo akijitetea mara nyingi haaminiwi. Daftari la shule la kurasa chache latosha kuwatetea wote wawili.