Beni: Mashini ya zamani yapata mbio mpya kwenye sekretariati

Kwenye sekretariati moja ndogo kandokando ya Boulevard Nyamwisi, mjini Beni, kazi ya kila asubuhi ilianza kwa kungojea. Mama mwenye duka aliwasha jenereta, akabonyeza kompyuta, kisha akaketi. Mlangoni walisimama wateja: mwanafunzi mwenye kazi yake ya mwisho wa masomo kwenye flashi, baba aliyekimbia kijiji chake akitaka kuandikiwa barua ya kuomba msaada. Mashini ilipokuwa tayari, esansi ilikuwa imeungua bure, na mara nyingine mteja alikwisha vuka barabara kwenda kwa mwingine.

Kompyuta hiyo ilinunuliwa ikiwa imekwisha tumika. Memori yake ni gigabaiti mbili tu. Fundi mmoja alimshauri mama anunue mpya.

"Kama pesa hiyo ingekuwapo, ningekuita wewe?" mama alimjibu.

Mpwa wake anayesoma informatika alikuwa na wazo lingine. Alinakili kwanza hati zote kwenye diski ya nje, kisha akaweka Debian, mfumo huru ulioanzishwa mwaka 1993, ambao kila mtu anaruhusiwa kuunakili bila kulipa. Hakuchukua ile sura kamili yenye mapambo. Aliweka msingi peke yake, akaongeza Openbox ya kupanga madirisha, LibreOffice ya kuandikia, na programu ya kusoma PDF. Basi.

Halafu aliandika amri moja, systemd-analyze blame, ambayo inaonyesha kila huduma ilitumia muda gani wakati wa kuwaka. Iliyochelewesha zaidi ilikuwa ikingojea mtandao, na duka halina intaneti sehemu kubwa ya siku. Akaizima. Akazima bluetooth. Akazima na nyingine aliyoiona ya ziada, iitwayo CUPS.

Kesho yake mashini iliwaka mama akiwa bado anafungua dirisha la duka. Alicheka. Lakini mteja wa kwanza alitaka kurasa kumi, na printa ikanyamaza kabisa. CUPS ndiyo huduma ya kuchapa.

"Mwanangu, miguu umenipa, lakini mkono umeukata," mama alisema.

"Nisamehe, mama. Ningekuuliza kwanza."

Aliirudisha kwa dakika moja, na kurasa zikatoka.

Si kila kitu kimepona. Diski ni ile ile ya zamani, na LibreOffice bado inachelewa kidogo kufunguka. Hati za Word za wateja mara nyingine huhama mistari, kwa hiyo mama humwonyesha mteja kwenye kioo kabla ya kuchapa. Virusi vya Windows vinavyotembea na flashi, hata hivyo, havimsumbui tena kama zamani.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na mashini nyingi za namna hii zitaitwa takataka. Mwenye nayo anaweza kujaribu kwanza mfumo huru kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote.

Mama, yeye, amebadilisha desturi moja. Siku hizi jenereta haiwashi kabla ya wateja. Anaiwasha mteja akifika.