Magurudumu Yanayotazamana

Wasomaji watatuwia radhi tukiwaingiza gereji, mahali ambapo mwalimu wa lugha huonekana siku ya kulipa tu.

Gari lililotupeleka huko ni Datsun 240Z, gari la spoti la viti viwili, la aina ile aliyoiendesha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliposhinda mbio za Safari mwaka 1973. Lilikuwa likivuta kushoto, na kwa mwendo wake hilo si jambo la mzaha. Fundi alitamka neno moja, "alaimenti", na mwanafunzi wake akatwaa spana, akazielekea tairodi.

Neno hilo limebeba pembe tatu. Ukitazama magurudumu ya mbele kutoka juu, ama yanatazamana kidogo ama yamepeana mgongo. Ukisimama mbele ya gari, utaona yameinama ndani au nje. Ya tatu huonekana ubavuni: mhimili wa usukani umelazwa nyuma, kama uma wa baiskeli, na ndiyo maana usukani hujirudi wenyewe baada ya kona. Sasa, katika gari hili kiwanda kiliacha nafasi ya kurekebisha ile ya kwanza tu. Kijana angezungusha tairodi mchana kutwa, na gari lingeendelea kuvuta.

Fundi alimzuia. Alipitisha kiganja juu ya tairi la kushoto, akakuta bega la nje limelika. Kisha akaning'iniza uzi wenye nati mbele ya gurudumu, timazi kamili ya mwashi, na kichwa cha gurudumu kikaonekana kimetoka nje kumpita mwenzake wa kulia. Mkono wa chini ulikuwa umepinda, bila shaka kwa shimo la barabarani. Ukabadilishwa. Hapo ndipo nyuzi mbili zilipotandazwa sambamba, moja kila ubavu, usawa wa vitovu, akapima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha wa nyuma. Tofauti ilikuwa ya milimita chache. Tairodi zikazungushwa kwa kadiri moja pande zote mbili, usukani usije ukakaa upande.

Sisi twapendekeza kutazamana, kuinama na kulala. Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu watuarifu mafundi wao husemaje, maana yawezekana maneno bora zaidi yameshazoeleka huko, chini ya magari, nasi hatujayasikia.