Nukta Haihami

Katika hesabu zote za desimali hakuna iliyo nyepesi kuliko kuzidisha na kugawanya kwa 10, 100 na 1,000. Na kwa kuwa ni nyepesi, wanafunzi wengi huipita mbio. Mwalimu wetu alikuwa akituambia kwamba nukta haihami. Zinazohama ni tarakimu. Ukizidisha 3.75 kwa 100, kila tarakimu yapanda ngazi mbili: ile 3 iliyokuwa katika mamoja yaingia katika mamia, na jawabu ni 375. Ukigawanya 3.75 kwa 100, tarakimu zashuka ngazi mbili, sufuri zajaza mahali palipo wazi, na jawabu ni 0.0375. Hesabu ya ngazi ni hesabu ya sufuri zilizomo katika 10, 100 au 1,000. Asemaye kwamba kuzidisha kwa 100 ni kuongeza sufuri mbili mwishoni, na ajaribu kwa 3.75. Atapata 3.7500, nayo ni 3.75 ile ile.

Mimi niliona faida ya somo hili nje ya darasa, mwaka 1987, hapa Uganda, nilipokuwa kidato cha pili. Mwezi wa Mei mwaka huo Serikali ilitoa shilingi mpya, na shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1. Pamoja na hayo, wenye kubadilisha fedha walikatwa 30 katika kila 100. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, naye alikuwa na akiba ya shilingi 25,000. Alirudi nyumbani na shilingi 175. Akaniuliza, "Mwanangu, sufuri mbili tu ndizo zilizokula mali yangu yote?"

Nikachukua kalamu na daftari. "Sufuri hazina kosa, mama. Tuseme kikapu cha samaki kilikuwa shilingi 2,500. Akiba yako ilitosha vikapu 10. Gawanya bei kwa 100, ni 25. Gawanya na akiba kwa 100, ni 250. Bado ni vikapu 10, maana pande zote mbili zimeshuka sawasawa. Lakini ukikatwa 30 katika kila 100, katika 250 hutoka 75. Zimebaki 175, nazo ni vikapu 7."

Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nimepoteza vikapu vitatu. Nilidhani nimepoteza vyote."

Kesho yake alikwenda dukani. Mwenye duka alitaka shilingi 5 kwa pakiti ya chumvi iliyokuwa shilingi 250 za zamani. Mama akamwambia, "Bwana, 250 ukigawanya kwa 100 ni 2.5. Hii hapa shilingi 5, nipe pakiti mbili." Akapewa mbili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu wanafunzi, msiidharau hesabu hii. Mtu akiwaambia kwamba fedha imegawanywa kwa 100, mwulizeni kama na bei imegawanywa vile vile. Ikiwa zote mbili zimegawanywa, hakuna aliyepata hasara. Ikiwa ni moja tu, hapo pana mtu anayelipa, na ni vyema ajue analipa kiasi gani.