Antivairasi ya Bure

Virusi vya kwanza kuingia nyumbani kwetu Morogoro vililetwa na walimu. Baba alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba, Pentium 4 yenye Windows XP, ili achape mitihani ya shule yake, na haukupita muda wenzake wakaanza kuja jioni na flashi: huyu ana mtihani wa jiografia, yule ana barua ya kuombea mkopo SACCOS. Kila flashi ilikuwa imeshapita steshenari mbili tatu za mjini, kwenye kompyuta zilizochomekwa flashi za watu mchana kutwa. Ilikuwa mwaka 2008 na intaneti nyumbani hatukuwa nayo, lakini virusi tulikuwa navyo vya kutosha.

Nilitaka kujua vinaingiaje. Ukichomeka flashi, Windows XP ilitafuta faili dogo la maandishi liitwalo autorun.inf na kufuata lilichoagiza. Nililifungua kwa Notepad nikakuta mistari michache tu, mmojawapo ukitaja jina la programu ya kuendeshwa. Programu hiyo ndiyo iliyokuwa kirusi. Vingine vilikuwa na ujanja zaidi: vilificha mafolda yako halisi na kuweka mahali pake programu zenye picha ileile ya folda ya manjano. Kwa kuwa Windows haikuonyesha herufi za mwisho za jina la faili, mwalimu hakuiona ile “.exe”. Alibofya “Mitihani Kidato cha Pili” akijua anafungua folda yake, kumbe anakisambaza kirusi. Wengi waliamini kazi yao imefutika. Nilifungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika attrib -h -s -r /s /d, na mafolda yakaanza kuonekana tena huku mwenyewe akiwa amesimama nyuma yangu akishusha pumzi.

Kuyafichua mafolda hakukuiponya kompyuta. Tulihitaji antivairasi, na hapo ndipo suala la bure lilipoanza. Fundi mmoja wa mjini alikuja na CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

“Mwalimu, hii ni ile ya kulipia kabisa. Kwako wewe elfu tano tu.”

“Risiti nitapata, kijana wangu?”

Risiti hakuwa nayo, na baba akamrudishia CD yake. Miaka yote iliyofuata nimeona alivyokuwa sahihi. Ufunguo ulioibwa hutumiwa na maelfu ya watu, kampuni huugundua na kuufunga, kisha antivairasi huacha kupokea taarifa za virusi vipya huku aikoni yake ikiendelea kukaa pale chini ya skrini. Mwenye kompyuta anaamini analindwa. Naiona hali hiyo kuwa mbaya kuliko kutokuwa na antivairasi kabisa, kwa sababu asiye nayo angalau huogopa flashi ya mgeni.

Za bure halali zilikuwepo. Watu walizitaja tatu: AVG na Avast kutoka Jamhuri ya Cheki, na Avira ya Ujerumani yenye mwavuli mwekundu. Tulipima uzito kwanza, maana kompyuta ile ilikuwa na RAM ya megabaiti 256, na programu iliyokula nusu yake ilikuwa adhabu. Lakini kilichoamua ni jambo lingine: nitaipataje taarifa ya virusi vipya bila intaneti? Avast ilikuwa na faili moja, vpsupd.exe, ambalo ungelipakua popote, ukaja nalo nyumbani, ukalibofya mara mbili, basi. Kila Jumamosi nilikwenda intaneti kafe karibu na stendi, nikalipakua polepole, nikarudi nalo kwenye flashi niliyoikagua kabla ya kuifungua. Wakati huo sikujali antivairasi ipi imeshinda majaribio gani Ulaya. Antivairasi bora kwetu ilikuwa ile inayoweza kulishwa kwa flashi.

Mwishoni mwa mwaka huohuo kikaja Conficker. Kilipenya kupitia kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake tarehe 23 Oktoba 2008, na baadaye kikajifunza kusafiri kwa flashi pia. Kilikuwa na tabia moja iliyonifungua macho: kilizuia kompyuta isifike kwenye tovuti za kampuni za antivairasi wala za Microsoft. Hapo nikaelewa kwamba antivairasi peke yake inaweza kuzibwa mdomo, na kwamba kiraka kilichokuwepo wiki kadhaa kabla ya kirusi ndicho kingewaokoa wengi. Nilianza kuziheshimu apudeti za Windows kuanzia hapo.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, na miaka iliyofuata modemu za USB zikashuka bei hadi zikaingia nyumba kama yetu. Adui akabadili njia. Sasa ulikuwa unasoma habari, mara dirisha jekundu linaruka na kudai kompyuta yako ina virusi lukuki, bofya hapa upate ulinzi wa bure. Ulichopakua kilikuwa kirusi chenyewe kilichovaa sura ya antivairasi, kisha kikakudai pesa. Majirani waliohangaika kutafuta kinga ndio walionaswa, na hilo liliniuma, kwa sababu walikuwa wanafanya lile ambalo sisi tuliojiita wajuzi tuliwahimiza walifanye.

Septemba 2009 Microsoft ilitoa antivairasi yake ya bure, Security Essentials. Wengi mtaani kwetu hawakuifaidi, kwani ilitaka Windows halali, na Windows zetu nyingi zilipigwa kutoka CD za kunakili. Faraja kubwa zaidi ilikuja kimyakimya mwaka 2011, pale Microsoft ilipoizima autorun ya flashi kwenye XP na Vista kwa njia ya apudeti. Kisha mwaka 2012 Windows 8 ikaja na Defender ndani yake, huna cha kupakua wala cha kusajili. Mwanzoni ilifanya vibaya kwenye majaribio na sikuiamini. Ikaendelea kunolewa, na mwaka 2019 maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, ikaipa alama zote, 18 kwa 18.

Mambo mawili ndiyo yaliyobadilisha mawazo yangu. La kwanza ni WannaCry, tarehe 12 Mei 2017, iliyofunga mafaili ya hospitali za Uingereza na ya ofisi katika nchi nyingi duniani ikidai fidia. Kiraka kilikuwa kimetoka Machi. Nilikuwa nimehamia Dar, na kila aliyenipigia simu aliuliza aweke antivairasi gani. Mimi nikamuuliza kama amezima apudeti. Karibu wote walikuwa wamezima, kwa sababu zinamaliza bando. Siwalaumu, bando ni pesa. Lakini apudeti ni matumizi ya bando yenye maana kuliko video nyingi tunazozitazama, na bando la usiku linatosha kuzishusha ukiwa umelala.

La pili lilitokea Januari 2020. Waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba Avast, kupitia kampuni yake tanzu Jumpshot, ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walizitembelea. Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Kwangu hilo lilikuwa pigo. Programu iliyoweza kukagua kila ukurasa ili inikinge ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kuona kila ukurasa. Tangu hapo, kabla sijampendekezea mtu programu ya bure, nauliza aliyeitengeneza anapata wapi pesa yake, na jibu lisipopatikana waziwazi siipendekezi.

Leo kwenye kompyuta za ndugu zangu natumia Defender peke yake. Antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja huvutana na kuibana mashine. Apudeti zimewashwa, watoto wana akaunti zisizo za msimamizi, na picha na nyaraka zina nakala kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kazi, kwa kuwa kirusi cha fidia hufunga pia diski kikiikuta imechomekwa. Sijaona familia ya kawaida inayohitaji kununua zaidi ya hapo.

Kilicho cha haraka sasa ni Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba hazina uwezo wa kupokea Windows 11. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uone unatumia ipi. Ukikuta ni 10, ingia kwenye mipangilio ya apudeti ujiandikishe kupata viraka vya ziada vya hadi Oktoba 2026. Kuna njia ya kujiandikisha bila kulipa. Muda huo utumie kujipanga kubadili mashine, au kuhamia Linux kama Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure na zinaendelea kupata viraka. Fanya hivyo wiki hii, na umfanyie hivyo mzazi wako pia kama ana kompyuta.