Manowari Iliyokamatwa Jumapili ya Utatu

Ndugu msomaji, ukitazama ramani ya Marekani utauona mji wa Chicago mbali sana na bahari, ukingoni mwa ziwa Michigan. Nani angedhani kwamba huko kuna manowari? Lakini iko, tena si ya Wamarekani wenyewe. Ni manowari ya Wajerumani ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, ya namna ile iendayo chini ya maji, ambayo siku hizi twaiita nyambizi. Jina lake ni U-505. Haya, twende pamoja tukaitazame.

Iko katika Makumbusho ya Sayansi na Viwanda, upande wa kusini wa mji. Jengo lenyewe ni kubwa mno, nalo lilijengwa kwa ajili ya maonyesho makuu ya mwaka 1893. Tangu mwaka 2024 limeongezewa jina la Griffin. Ukiisha kulipa kiingilio, usiitafute manowari uani. Zamani ilikaa nje, ikapigwa na mvua, jua na theluji kwa miaka 50, hata chuma chake kikaanza kuharibika. Basi mwaka 2004 waliiteremsha katika shimo kubwa la saruji, wakaliezeka, na mwezi wa Juni 2005 watu wakaanza kuingia tena. Kwa hiyo utashuka chini ya ardhi, na ukikata kona utaikuta mbele yako, ndefu, imetulia kama papa aliyelala.

Urefu wake ni mita 76 na kitu. Ukiupima kwa hatua zako, utahesabu kama mia moja. Lakini usidanganyike na urefu huo, maana ndani ni nyembamba: bomba la chuma ambalo watu walikaa ndani yake lina upana wa mita 4 na nusu hivi, na nafasi kubwa imeliwa na mashine.

Ilikamatwaje? Hapo ndipo penye habari yenyewe. Ilikuwa tarehe 4 Juni 1944, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, siku ile ile majeshi ya Wamarekani yalipoingia Roma. Katika bahari ya Atlantiki, nje ya pwani ya Afrika ya Magharibi, palikuwa na kundi la manowari za Marekani chini ya Kapteni Daniel Gallery. Desturi ya vita ilikuwa kuzizamisha nyambizi mara zinapoonekana. Gallery alikuwa na wazo jingine: alitaka kuikamata moja nzima, na mabaharia wake aliwazoeza kwa kazi hiyo kabla hawajatoka bandarini. Saa tano mchana meli yake moja ilisikia kitu chini ya maji. Wakatupa mabomu. Baada ya dakika chache tu U-505 ikazuka juu, usukani wake umekwama, ikawa inazunguka duara kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kinu cha mafuta.

Wajerumani waliruka majini, lakini kwanza walifungua bomba moja ili bahari iingie na kuizamisha. Injini waliziacha zinakwenda. Wamarekani wachache wakaifuata kwa mashua, wakairukia, na Luteni Albert David akashuka ndani ya tundu lile yeye na wenzake wawili. Fikiri mwenyewe: giza, maji yanapanda, na huenda mabomu ya kujilipua yametegwa, nawe hujui yako wapi. Mmoja wa wale waliowafuata, Zenon Lukosius, alikiona kifuniko cha bomba kimelala sakafuni, akakirudisha mahali pake na kukikaza. Maji yakakoma. Kama wenye meli wangalikitupa baharini kifuniko hicho kimoja, leo pasingekuwa na kitu cha kutazama Chicago. Tangu mwaka 1815 jeshi la bahari la Marekani lilikuwa halijapata kukamata meli ya vita ya adui baharini. Luteni David alipewa nishani kuu ya ushujaa ya nchi yake, ila hakuivaa, maana alikufa Septemba 1945 kabla haijatolewa.

Kwa Wajerumani alikufa mtu mmoja. Wengine 58 waliopolewa majini wakiwa hai, na nahodha wao, Harald Lange, alijeruhiwa vibaya hata akakatwa mguu.

Kuingia tumboni mwa manowari kuna tiketi yake mbali, nami nakushauri uinunue. Wanakupitisha na kiongozi. Utaona vitanda 35, na watu walikuwa 59. Walilala kwa zamu: mmoja akiamka, mwingine anaingia katika blanketi lile lile likiwa bado na joto. Vyoo vilikuwa viwili, lakini mwanzo wa safari kimoja kilijazwa vyakula, kikabaki kimoja kwa watu wote. Kuoga hakukuwapo. Safari yenyewe ilichukua wiki nyingi, nao walitembea na topido 22, wengine wakilala kando yake. Mama mwenye kulalamika kwamba jiko lake ni dogo na alione lile la mpishi wa U-505. Akirudi nyumbani ataliona lake ni ukumbi.

Katika chumba cha kuongozea meli kiongozi hushusha sauti. Hapo wanasimulia habari za nahodha aliyemtangulia Lange, Peter Zschech, kijana wa miaka 25. Meli hii ilikuwa imepata mikosi mingi. Novemba 1942, karibu na Trinidad, ndege iliipiga bomu kwa karibu sana hata ndege yenyewe ikaangamia, na nyambizi ikarudi Ufaransa ikiwa imebomoka vibaya. Ikatengenezwa Lorient, lakini mafundi Wafaransa waliiharibu kwa siri mara kwa mara, ikawa kila ikitoka inarudi. Mabaharia wa meli nyingine wakawacheka. Tarehe 24 Oktoba 1943, mabomu yakiwaangukia, Zschech alijipiga risasi mbele ya watu wake. Msaidizi wake, Paul Meyer, alishika uongozi papo hapo akawafikisha wote pwani salama. Yaliyokuwa moyoni mwa kijana yule Mungu ndiye ajuaye. Aliyewahi kufungiwa mahali padogo na hofu kubwa hatamhukumu haraka.

Ukitoka, usikimbilie mlangoni. Pita kwenye makabati ya kioo uangalie vitu vilivyookolewa. Utaiona mashine iitwayo Enigma, ambayo kwa mbali utadhani ni taipu ya karani. Ukibonyeza herufi moja, taa huwaka chini ya herufi nyingine, na magurudumu ya ndani yanageuka, hata ukibonyeza ile ile tena unapata jibu tofauti. Ndiyo iliyofumba barua zote za nyambizi. Lakini mashine bila vitabu vyake ni bure, kwa sababu vitabu ndivyo vilivyosema magurudumu yapangwe vipi siku hiyo. Wamarekani walivipata vyote, mashine mbili pamoja na karatasi za uzito wa kilo 400 hivi.

Faida hiyo ingepotea mara Wajerumani wangejua, kwa maana wangebadili mafumbo yao, na Normandy ilivamiwa siku mbili tu baadaye. Mkuu wa jeshi la bahari, Admirali King, alikasirika hata akafikiri kumshtaki Gallery kwa kuikokota nyara ile badala ya kuizamisha. Mabaharia kadiri ya 3,000 wakaapishwa kunyamaza, nao wakanyamaza kweli. Nyambizi ilivutwa mpaka Bermuda, ikapewa jina la Nemo.

Na wale 58? Walifichwa katika kambi ya Ruston, jimbo la Louisiana, mbali na wafungwa wengine. Hawakuruhusiwa kuandika barua, wala Msalaba Mwekundu haukuambiwa kwamba wapo. Huko Ujerumani wazazi na wake zao waliarifiwa kwamba wamekufa. Mimi naelewa sababu ya vita, lakini mama aliyelia matanga ya mwana aliye hai alidhulumiwa, na sheria za mataifa juu ya wafungwa zilivunjwa. Wa mwisho walirudi kwao mwaka 1947.

Baada ya vita meli iliachwa katika bandari ya Portsmouth, jimbo la New Hampshire, imenyang'anywa vyombo vyake, ikingojea kupigwa mizinga kwa mazoezi. Gallery, ambaye sasa alikuwa admirali, alipopata habari alimwambia ndugu yake, Padre John Gallery, nao ni watu wa Chicago. Padre akaenda kwa mkuu wa makumbusho, Lenox Lohr, akamwuliza kama angependa kuwa na nyambizi. Ikawa hivyo. Watu wa mji wakachanga dola 250,000, ikavutwa kupitia mto na maziwa makuu, na Septemba 1954 ikavushwa usiku juu ya barabara kuu ya kando ya ziwa, magari yamesimamishwa. Tarehe 25 ya mwezi huo iliwekwa rasmi iwe ukumbusho wa mabaharia waliokufa katika Atlantiki. Vifaa vilivyopotea viliombwa kwa viwanda vile vile vya Ujerumani vilivyovitengeneza, navyo vikavileta bure. Kama meli yao itatazamwa na ulimwengu, hawakutaka ionekane mbovu!

Kabla hujaondoka, simama mbele ya topido. Kabati lile halisemi habari za kwetu, lakini silaha ya namna hiyo imetupokonya watu. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Ceylon, imechukua askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani I-27 iliipiga kwa topido, ikazama kwa dakika chache. Manowari za Waingereza ziliitafuta nyambizi hiyo na kutupa mabomu palepale walipokuwa wakielea walionusurika, kwa sababu ilikuwa imejificha chini yao. Walikufa watu karibu 1,300. Wengi wao hawana kaburi. Ukifika Nairobi, majina yako katika makaburi ya vita, kwenye ukumbusho wa wale wa Afrika ya Mashariki wasioonekana. Huenda utalikuta la mtu wa kijijini kwenu.