"Usiwashe" Si "Zima"

Mwaka 2011, Dar ikiwa kwenye mgawo mkali wa umeme, laptopu yangu ya Linux ilianza kunywa chaji kama imelaaniwa. Nilikuwa chuo, nina insha za kumaliza, na betri ilikuwa ndiyo umeme wangu wa jioni. Miaka baadaye nimesoma kisa chake, na kumbe lilikuwa suala la usomaji tu.

Ndani ya kompyuta kuna viungo vya PCI Express, vinavyobeba mawasiliano ya kadi ya waifai na wenzake. Vikikosa kazi vinaweza kusinzia, umeme ukaokolewa. Lakini watengenezaji wengine huacha maagizo kwenye mashine: mfumo endeshi usiwashe usingizi huo. Kuanzia toleo 2.6.38, kerneli ya Linux ikatii kupita kiasi. Iliviamsha hata viungo ambavyo mashine yenyewe ilikwisha kuvilaza!

Matthew Garrett, wakati huo akiwa Red Hat, alipitia wasilisho la Microsoft la enzi za Vista. Lilidokeza kwamba Windows isipopewa mamlaka haigusi kitu, inaacha ilivyokuta. Akatengeneza kiraka kinachosoma agizo kwa namna hiyohiyo, na mapema 2012 kikaingia kwenye kerneli.

Agizo lenyewe halikubadilika hata herufi. Ila laptopu nyingi zilijaribiwa kwa Windows, basi maana ya neno ikawa ile aliyoielewa Windows. Hapo mimi, mtu wa uhakiki, bado nanung'unika.